Kupindua na Mapinduzi: Historia ya Neno la Kuwaangusha Watawala katika Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

Ikisiri

Kiswahili hutumia neno moja, mapinduzi, kwa matukio ambayo lugha nyingine huyatenga: umma kuinuka na kubadili mfumo wa utawala, na kikundi cha askari kutwaa ikulu usiku mmoja. Makala haya yanafuatilia historia ya neno hilo pamoja na kitenzi chake, kupindua, tangu matumizi ya kale ya pwani hadi matukio ya Zanzibar, Congo, Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya baada ya uhuru. Yanadai kwamba tofauti ambayo nomino haioneshi huoneshwa na kitenzi, vivumishi na maneno jirani kama vile maasi, uhaini, ukombozi na jaribio. Yanadai pia kwamba uteuzi wa neno umekuwa sehemu ya pambano lenyewe la madaraka. Mwishoni yanapendekeza njia ya uandishi kwa wanahistoria wanaotumia Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kila tarehe 12 Januari Tanzania huadhimisha Siku ya Mapinduzi. Chama kinachotawala nchi hiyo tangu 5 Februari 1977, kilichozaliwa kwa kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi, kinaitwa Chama Cha Mapinduzi. Rais wa Zanzibar hubeba pia cheo cha Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Hata mpira wa miguu una Kombe la Mapinduzi. Hata hivyo, mtu anayeshitakiwa katika nchi hiyohiyo kwa kutaka kuipindua serikali hushitakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo.

Hali hii inaonekana kama mkanganyiko: nomino ni heshima, na kitenzi kilichoizaa ni jinai. Swali la makala haya ni jinsi lugha ilivyofika hapo na gharama ambayo historia imelipa. Swali hilo halihusu Tanzania peke yake. Mwanafunzi wa Bujumbura, Kampala, Kigali au Lubumbashi anayesoma historia kwa Kiswahili hukutana na neno mapinduzi kwa tukio la Zanzibar la 1964, kwa Mobutu wa 1965, kwa Micombero wa 1966, kwa Amin wa 1971 na kwa Habyarimana wa 1973. Asipopewa maelezo zaidi, atadhani yote yalikuwa jambo moja.

2.0 Mzizi na umbo la neno

Kitenzi pindua kina uhusiano wa wazi na pinda. Nguo hupindwa ukingo, mti hupinda kwa upepo. Kiambishi -u- kinachotokea katika jozi kama funga na fungua, au ziba na zibua, ndicho kinachotokea hapa. Lakini maana ya pindua si kunyoosha kilichopinda. Ni kukigeuza kitu juu chini, au kukielekeza upande mwingine. Kitabu cha mwongozo wa lugha cha Edward Steere, kilichotoka kwanza mwaka 1870 na kuchapishwa tena mara nyingi, kinalieleza neno hili kwa kugeuza na pia kwa kazi ya mabaharia ya kukigeuza chombo kifuate upepo upande wa pili. Kwa baharia, kupindua chombo ni ustadi, ilhali chombo kupinduka ni msiba. Neno lilikuwa na sura mbili kabla halijaingia katika siasa.

Jozi ya pinduka na pinduliwa nayo ina jambo la kufundisha. Gari hupinduka na ngalawa hupinduka, bila kumtaja aliyesababisha. Serikali haisemwi kwamba imepinduka. Husemwa kwamba imepinduliwa. Kauli ya kutendwa inadai kuwa yupo mtendaji, hata asipotajwa, na msomaji ana haki ya kuuliza: na nani?

Nomino huiondoa haki hiyo. Kama uchaguzi kutokana na chagua na ukaguzi kutokana na kagua, mapinduzi hutokana na pindua kwa kanuni ya kawaida ya lugha. Inapokuwa nomino, mtendaji na mtendwa wote hutoweka. Mtu anaweza kusema "Mapinduzi ya 1964" mara elfu moja bila kumtaja aliyepindua wala aliyepinduliwa. Basi, tofauti kati ya kitenzi na nomino hapa inavuka mipaka ya sarufi. Kitenzi hutoa ushahidi, na nomino hutoa jina.

Maneno ya mtendaji nayo yamegawanyika. Mpinduzi ni yule aliyetenda tendo, na neno lenyewe halimsifu. Mwanamapinduzi, lililoundwa kwa mfano wa mwanasiasa na mwanachama, ni mtu wa itikadi na huwa la sifa. Askari waliofaulu na kupata wafuasi huitwa wanamapinduzi. Walioshindwa huitwa wapinduzi, waasi au wahaini.

3.0 Kabla ya 1964: kuuzulu

Lugha ya pwani ilikuwa na neno jingine la kumwondoa mwenye cheo: kuuzulu, lenye asili ya Kiarabu. Aliye juu alimuuzulu aliye chini yake: sultani alimuuzulu liwali, dola kubwa ilimuuzulu sultani. Tukio la Zanzibar la Agosti 1896 linafaa kuwa mfano. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari za Uingereza zililipiga jumba hilo kwa muda usiofika saa moja. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, na Hamoud bin Muhammad akawekwa kitini. Mtawala aliondolewa na mwingine akawekwa, lakini hakuna mpangilio wa utawala uliogeuzwa juu chini. Kumuuzulu mtu ni kumvua cheo, na cheo chenyewe hubaki palepale kikimsubiri mwingine.

Katika matumizi ya kila siku, neno hili limesalia karibu tu katika umbo la kujirejea: kujiuzulu. Maana yake ya asili ni mtu kujivua cheo mwenyewe. Umbo hilo hufaa pale ambapo pande zote hazitaki kutaja mkono wa mwingine. Aboud Jumbe alipoacha urais wa Zanzibar mnamo Januari 1984, baada ya kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, kumbukumbu rasmi ilisema kwamba alijiuzulu. Kiambishi -ji- kilibeba mzigo wote wa tukio.

4.0 Januari 1964: mapinduzi na maasi

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 serikali yake iliangushwa. John Okello, mzaliwa wa Uganda, alitangaza redioni kwa cheo alichojipa cha Field Marshal. Jamshid aliondoka kwa meli, Abeid Amani Karume akawa rais, na Baraza la Mapinduzi likaundwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili, Zanzibar iliungana na Tanganyika. Okello mwenyewe hakuwemo tena, kwa kuwa alikwisha kuondolewa visiwani. Aliyekuwa sauti ya kitenzi hakupewa nafasi katika nomino.

Siku nane tu baada ya tukio la Zanzibar, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliinuka katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara mizuri na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 23 askari wa Jinja nchini Uganda walifuata, na tarehe 24 wale wa Lanet nchini Kenya. Serikali zote tatu ziliomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Matukio haya yanaitwa maasi, na hakuna anayeyaita mapinduzi. Tanganyika Rifles ilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka uleule.

Kwa hiyo mwezi mmoja ulilipa eneo hili maneno mawili yanayosimama ana kwa ana. Uasi ni kukataa amri ya aliye juu, na neno hili linakubali kwamba aliye juu bado yuko juu. Mapinduzi yanadai kwamba juu pamekuwa chini. Maasi ya Tanganyika yalikuwa na madai ya kazi na mshahara, na tofauti hiyo ya madhumuni ni ya kweli. Lakini jina lilitegemea matokeo pia. Zanzibar nayo ingebaki katika vitabu kama maasi endapo sultani angerudishwa.

Baada ya hapo nomino ilifanywa msingi wa dola. Kwa miaka 15, hadi 1979, Zanzibar ilitawaliwa na Baraza la Mapinduzi kwa amri zake, bila katiba ya kudumu. Uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi ulikuja 1980. Kivumishi matukufu kiliongezwa, na kibwagizo "Mapinduzi daima" kikawa salamu ya mikutano. Neno lililotaja usiku mmoja likataja hali isiyokwisha.

Upande wa waliopoteza, ndani ya visiwa na huko Oman walikokimbilia wengi, neno mavamizi limetumika badala yake, kwa hoja kwamba nguvu iliyoiangusha serikali ilitoka nje ya visiwa. Hoja hiyo inabishaniwa. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba pande zote mbili hukubaliana juu ya kitenzi: Jamshid alipinduliwa. Mabishano ni juu ya nomino. Kwa familia iliyopoteza ndugu mwaka ule, kuitwa au kutoitwa kwa tukio "matukufu" ni suala la kama msiba wao una mahali katika historia ya nchi.

5.0 Nomino kumfuata mpinduzi: Congo, Rwanda na Burundi

Kifaransa, lugha ya utawala wa Congo, Rwanda na Burundi wakati wa uhuru, kina majina mawili. La kwanza, kwa tafsiri ya neno kwa neno, ni "pigo la dola", na hutaja kutwaa madaraka kwa ghafla. La pili hutaja mageuko ya mfumo mzima na hubeba sifa za mwaka 1789. Kiarabu nacho hutenga inqilab na thawra. Inqilab hutokana na mzizi wa kugeuza juu chini, taswira ileile ya kupindua, na mara nyingi hutumika kwa lawama, ilhali thawra hutumika kwa sifa. Maofisa wa Misri walioshika madaraka Julai 1952 waliita tendo lao harakati kwanza, kisha likawa thawra. Kiswahili kilichukua njia yake: taswira ya kupindua ikabeba lawama na sifa kwa pamoja.

Hata hivyo, kuwa na maneno mawili hakukuzuia mtu kuhama kutoka moja hadi jingine. Mobutu alitwaa madaraka Congo tarehe 24 Novemba 1965 kwa nguvu ya jeshi. Mwaka 1967 aliunda chama kilichobeba jina la mapinduzi, Mouvement populaire de la révolution. Mwaka huohuo wapinzani wake wa mashariki, wakiongozwa na Laurent-Désiré Kabila, waliunda Parti de la révolution populaire. Kwa Kiswahili cha Kivu na Katanga, mtawala na mwasi walijitambulisha kwa neno moja. Kabila alipoingia madarakani tarehe 17 Mei 1997, muungano wa vikosi vyake ulikuwa umechagua jina jingine: ukombozi.

Rwanda ilifuata mkondo uleule. Tarehe 5 Julai 1973 Juvénal Habyarimana alimpindua Grégoire Kayibanda. Miaka miwili baadaye, siku na mwezi uleule, alianzisha chama cha MRND, ambacho jina lake lilitaja mapinduzi na maendeleo kwa pamoja. Kayibanda naye alikuwa ameujenga utawala wake juu ya kile kilichoitwa mapinduzi ya kijamii, yaliyoanza 1959 na kuuondoa ufalme mwaka 1961. Kwa Watutsi wengi waliouawa au kukimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Congo katika miaka ile, jina hilo halikuwa na ukombozi wowote ndani yake. Aliyempindua mwanamapinduzi alijiita mwanamapinduzi.

Burundi inaonesha vizuri zaidi udhaifu wa nomino. Mwaka 1966 watawala wawili waliangushwa. Tarehe 8 Julai mwana wa mfalme, Charles Ndizeye, alimwondoa babake, Mwambutsa IV, aliyekuwa Ulaya, na Septemba akatawazwa kwa jina la Ntare V. Tarehe 28 Novemba waziri mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, alimwondoa Ntare naye akiwa ziarani Kinshasa, akatangaza jamhuri. Tendo la kwanza lilibadili mfalme na kuuacha ufalme, na neno la kale kuuzulu lingelifaa. La pili liliufuta ufalme wenyewe, lakini mkono uliotenda ulikuwa wa jeshi na si wa umma. Kuyaita yote mawili mapinduzi ni kuficha jambo ambalo mwanahistoria anapaswa kulieleza.

6.0 Uganda: mapinduzi au ukombozi

Idi Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua Amin na akampokea Obote Dar es Salaam. Baada ya Amin kuivamia Kagera mwaka 1978, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Katika Kiswahili cha Tanzania cha wakati huo Amin alikuwa nduli, na kumwondoa kuliitwa kumng'oa au kuikomboa Uganda. Kitenzi kupindua kiliachwa kwake yeye. Uteuzi huo ulikuwa na sababu ya kisheria pia, kwani nchi inayosema imeipindua serikali ya jirani imekiri kosa mbele ya mataifa, ilhali nchi inayosema imekomboa imedai haki.

Yoweri Museveni, ambaye wapiganaji wake waliiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986, alitenganisha mambo haya bila kuhitaji neno jipya. Alipoapishwa alisema kwamba kilichotokea hakikuwa kubadilishana zamu kwa walinzi bali badiliko la msingi. Uganda ilikuwa imeona viongozi wakiondolewa mwaka 1980 na tena Julai 1985. Wasikilizaji walijua vema alichokuwa akikikana.

7.0 Uzito wa neno jaribio

Neno jaribio huonekana kuwa dogo, lakini ndilo linaloamua hatima ya watu. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa kikosi cha anga cha Kenya waliiteka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali imeangushwa. Kufikia jioni walikuwa wameshindwa. Hezekiah Ochuka, kiongozi wao, alinyongwa mwaka 1987. Tukio hilo huitwa jaribio la mapinduzi. Tofauti kati ya mwenyekiti wa baraza jipya na mfungwa wa kesi ya uhaini ilikuwa ya saa chache.

Tatizo zito zaidi liko Burundi. Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais Juni 1993 katika uchaguzi wa vyama vingi na akashika madaraka 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba aliuawa na askari. Waliotenda hawakuweza kuishika serikali, hivyo vitabu na vyombo vya habari huliita tukio hilo jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Lakini rais aliuawa, pamoja na Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na mauaji yaliyofuata yaliitumbukiza nchi katika vita vya zaidi ya miaka kumi. Kipimo cha kufaulu na kushindwa kilichomo katika neno jaribio ni kipimo cha wapinduzi: je, walipata kiti? Si kipimo cha waliopinduliwa, wala cha raia. Kwa Warundi wa pande zote walioyapoteza maisha ya jamaa zao, hakuna kitu kilichobaki katika hali ya kujaribiwa. Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwa mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, jaribio jingine lilitangazwa Bujumbura na kuzimwa ndani ya siku mbili. Neno lilikuwa lilelile, ingawa uzito wa matukio haya mawili ulitofautiana sana.

8.0 Neno lililofugwa na mpinzani wake

Matumizi ya leo yamelipoza neno. Kuna mapinduzi ya viwanda, ya kijani na ya teknolojia, ambayo hayana mtu aliyepinduliwa. Watangazaji wa mpira husema timu imepindua matokeo, na hakuna anayeshtuka. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, siasa za vyama vingi ziliporudi Tanzania, chama kimoja cha upinzani kilijiita NCCR-Mageuzi. Kugeuza na kupindua ni vitenzi vinavyokaribiana sana, lakini kinachogeuzwa huweza kubaki kizima. Jina la mageuzi liliwaahidi wapiga kura badiliko bila kumwaga damu, na wakati uleule lilikikumbusha chama tawala kwamba mapinduzi yakishakaa muda mrefu huhitaji kugeuzwa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba neno mapinduzi halina upungufu wa kimsamiati unaohitaji kuzibwa kwa neno la kukopa. Wazungumzaji wamejitengenezea mizani yao: kitenzi dhidi ya nomino, mpinduzi dhidi ya mwanamapinduzi, mapinduzi ya kijeshi dhidi ya mapinduzi matukufu, maasi, ukombozi na jaribio. Tatizo hutokea pale mwandishi anapopokea jina alilopewa na mshindi na kuliandika kama maelezo.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, simulizi la tukio lianze na kitenzi, chenye mtendaji na mtendwa, ndipo jina lije: nani alimpindua nani, kwa nguvu gani, na kitu gani kilibadilika. Pili, jina rasmi la tukio litajwe kama jina, pamoja na majina ambayo pande nyingine hulitumia, kama ilivyo kwa mapinduzi na mavamizi ya Zanzibar. Tatu, neno jaribio lisitumike peke yake pale ambapo watu waliuawa. Iandikwe kwamba rais aliuawa na kwamba waliomuua hawakupata serikali. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo kuliko jina, lakini mwanafunzi wa Bujumbura atakayeisoma hatalazimika kuuliza nyumbani ni nini hasa kilichojaribiwa.